Uzi: Mzee akiumizwa na uzembe kwenye nyumba ya wazee, familia inaweza kushtaki kwa sheria gani?

Kila video ya mzee aliyelala kwenye godoro la mkojo ikisambaa, mjadala hufuata njia ileile. Upande mmoja unasema kumpeleka mzazi nyumba ya wazee si utamaduni wetu, watoto ndio wa kulaumiwa. Upande mwingine unasema serikali imelala. Halafu lazima mtu atokee aseme: "Kwani mtashtaki kwa sheria gani? Kenya haina sheria ya hizi nyumba."

Hiyo ya mwisho ndiyo tunaijadili leo, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu si kweli. Kuna familia zinanyamaza na kuzika kwa kuamini ile nusu isiyo kweli. Uzi ni mrefu, kaa chini.

Twende Uingereza kwanza, mwaka 1893. Mama wa miaka 73 aliishi na mpwa wake wa kike. Nyumba yake, pesa zake. Mpwa hakuwa na kipato, alilishwa na shangazi. Siku 12 za mwisho za maisha yake, mguu wa shangazi ulioza. Hakuweza kusimama, kujihudumia wala kuita jirani. Mpwa aliendelea kupokea chakula kilichonunuliwa kwa pesa za huyo mama, lakini hakumpa. Hakuita daktari, hakumwambia mtu yeyote. Shangazi akafa.

Kortini utetezi ulikuwa rahisi: onyesheni sheria iliyomlazimisha huyu dada kumhudumia shangazi yake. Na kweli, haikuwepo sheria ya Bunge. Jaji Mkuu Lord Coleridge na wenzake hawakuyumba. Walisema ukishachukua jukumu la mtu asiyejiweza, na unakula vya kwake, wajibu wa utu unageuka kuwa wajibu wa sheria. Mpwa akabaki na hatia ya kuua bila kukusudia. Kesi hiyo, R v Instan, bado inasomwa na wanafunzi wa sheria mpaka leo, hata hapa kwetu.

Hapa kwetu kwa nini? Kwa sababu Sheria ya Mahakama ya Kenya, ile inayotaja korti zetu zifuate nini, inasema tulirithi sheria ya mazoea ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Kesi ya yule shangazi ilikuwa na miaka minne tayari.

Lakini hatuhitaji hata kuegemea hapo, maana mwaka 1930 jambo hilo liliandikwa rasmi. Mpaka wakati huo koloni lilikuwa linatumia sheria ya jinai ya India. Wakoloni wakaiweka kando, wakaleta Kanuni ya Adhabu ambayo chimbuko lake ni Queensland, Australia, kazi ya jaji Samuel Griffith ya mwaka 1899, iliyopitia Nigeria kabla ya kufika Afrika Mashariki. Ndiyo hiyo tunayo, Sura ya 63, imerekebishwa mara nyingi lakini mifupa ni ileile.

Soma kifungu cha 216. Nakieleza kwa maneno yangu: mtu yeyote aliye na jukumu la kumtunza mwingine ambaye kwa sababu ya umri, ugonjwa au udhaifu wa akili hawezi kujiondoa mikononi mwake wala kujitafutia mahitaji ya maisha, ana wajibu wa kumpa mahitaji hayo. Haijalishi jukumu lilitokana na mkataba au sheria. Na asipotimiza, anahesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha madhara yoyote yatakayompata yule mtu. Sasa niambie, hapo kuna nyumba ya wazee gani isiyoingia? Umri upo. Mkataba upo, ule uliosaini siku ya kumpeleka mzee. "Hakumpiga mtu" si jibu. Kutofanya kitu ndiko kosa lenyewe.

Ongeza kifungu cha 239, ambacho hakisubiri mtu afe. Kumnyima mtu mahitaji unayopaswa kumpa, mpaka maisha yake yawe hatarini au afya yake ielekee kuharibika kabisa, ni kosa tosha. Kwa hiyo ukimtembelea mama ukamkuta na vidonda vya kulalia vilivyofika mfupa, una kitu cha kupeleka polisi siku hiyo hiyo. Omba namba ya OB. Afisa akikuambia hayo ni mambo ya kifamilia au ya kanisa, mtajie 216 na 239.

Tuseme ukweli, vifungu hivi vimelala. Havikuandikwa kwa ajili ya shosho wa Nyeri wala babu wa Siaya. Koloni halikuwa na wasiwasi na wazee wetu. Nyumba zenyewe zilikuja taratibu, nyingi kupitia makanisa. Masista wa Little Sisters of the Poor wana Nyumba ya Wazee kule Kasarani, na Kaunti ya Nairobi ina Mji wa Huruma upande wa Runda. Sitaji hizo kwa ubaya. Nataka uone tu kwamba kilichojenga nyumba hizi ni huruma, na nadhani hilo limetuzuia kuziuliza maswali. Nani atamshtaki sista?

Sasa tuje kwenye fidia, na hapa ndipo historia inauma.

Mwaka 1808 jaji mmoja wa Kiingereza, Lord Ellenborough, alisema kwamba kifo cha binadamu si jambo ambalo mtu anaweza kulilalamikia katika korti ya madai. Ukimvunja mtu mguu utamlipa. Ukimuua, familia yake haipati kitu. Ajabu, lakini ndiyo ilikuwa sheria. Kilichoibadilisha ni gari la moshi. Reli zilianza kuua watu wengi mno, na mwaka 1846 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwalipa wajane na watoto. Mwaka 1934 wakaongeza ya pili: dai la marehemu mwenyewe halifi naye, linabaki kwenye mali yake. Zote mbili tunazo. Ya kwanza ni Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo, Sura ya 32. Ya pili ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ya mwaka 1956.

Angalia zilizaliwa kwa ajili ya nani: baba kijana anayefanya kazi, anakanyagwa na treni, anaacha watoto. Kwa hiyo korti inauliza, marehemu alikuwa anapata ngapi kwa mwezi? Angefanya kazi miaka mingapi zaidi? Nani alimtegemea? Muulize mama wa miaka 84 maswali hayo. Hapati kitu, hangefanya kazi tena, na yeye ndiye aliyekuwa anategemea wengine. Kwa hesabu ya reli, maisha yake ni karibu sifuri. Kuna kiasi cha mazoea cha kupunguziwa maisha, ambacho kwa miaka mingi korti zetu zimekizungusha karibu na shilingi 100,000. Hiyo haifiki hata bili ya hospitali.

Na kuna lingine. Sheria ya Sura ya 32 inamnufaisha mume, mke, mzazi na mtoto, wajukuu wakiwemo. Ndugu hayumo. Mpwa hayumo. Wazee wengi walio kwenye hizi nyumba wako huko kwa sababu hawana mume, mke wala mtoto! Mwaka 1893 mpwa alitosha kupatikana na hatia. Leo mpwa aliyempenda shangazi yake hatoshi kudai fidia kwa jina lake mwenyewe.

Njia iliyobaki ni ile ya Sura ya 26, dai la marehemu mwenyewe, na wakili mzuri ataweka nguvu hapo. Kwenye ajali ya matatu mtu hufa papo hapo, na korti hutoa kidogo kwa maumivu. Mzee aliyelala wiki tatu na vidonda, na kiu, bila dawa yake ya sukari, aliumia siku kwa siku. Maumivu hayo yana thamani kisheria, na hayategemei mshahara. Weka pia bili za hospitali na gharama za mazishi, kila risiti. Ila huwezi kuingia kortini kwa jina la marehemu hivi hivi. Lazima kwanza upate barua ya usimamizi wa mirathi, walau ile ya muda inayotolewa kwa ajili ya kesi tu. Kesi nyingi zimetupwa kwa sababu mwana alishtaki kwanza, akatafuta barua baadaye.

Kama mzee yu hai, mambo ni mepesi zaidi. Anadai mwenyewe, au kupitia mtu wake kama akili imechoka. Na aliyelipa ada kila mwezi ana dai la mkataba: nililipia utunzaji, sikuupata. Ile fomu inayosema "nyumba haitawajibika kwa lolote" isikutishe. Haki ambazo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakupa hazifutwi kwa sahihi, na hakuna karatasi inayoweza kumwondolea mtu kosa la jinai.

Saa nayo inahesabu. Dai la uzembe ni miaka 3. Dai la mkataba ni miaka 6. Lakini kama nyumba ni ya serikali, kuna sheria nyingine, Sura ya 39, inayopunguza uzembe hadi miezi 12 na mkataba hadi miaka 3. Kwa nyumba ya kaunti usibishane na wakili kama sheria hiyo inagusa kaunti au la. Wewe chukulia ni miezi 12.

Haya, Katiba. Kifungu cha 57 kinasema dola ichukue hatua kuhakikisha wazee wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata utunzaji unaofaa kutoka kwa familia yao na kutoka kwa dola. Mzee ni kuanzia miaka 60. Kwenye mijadala kila upande husoma nusu ya sentensi: wa utamaduni husoma "familia", wa haki husoma "dola". Zote mbili ziko kwenye mstari mmoja. Na kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote, si serikali peke yake. Kwa hiyo kampuni au kanisa linaloendesha nyumba haliwezi kusema heshima ya mzee haiwahusu. Tahadhari moja tu: majaji wetu hawapendi kesi ya kawaida ya uzembe ivalishwe nguo ya Katiba. Hiyo njia itumie pale ambapo heshima yenyewe ndiyo iliyovunjwa, mathalani mtu kufungwa kwenye kiti au kuachwa uchi mbele ya wengine.

Ile nusu iliyo kweli ni ipi basi? Ni hii: kila chombo nilichotaja kinaamka baada ya madhara. Linganisha na watoto. Makao ya watoto yana sheria ya Bunge, ya sasa ni ya 2022, inayosema nani asajiliwe, nani akague, nani afunge. Hata Jedwali la Nne la Katiba, lile la kugawa kazi, linataja vituo vya kulelea watoto kuwa kazi ya kaunti. Nyumba za wazee hazitajwi. Mswada wa kuwalinda wazee ulifika Seneti mwaka 2018. Haukuwahi kuwa sheria. Ndiyo maana nyumba moja imesajiliwa kama shirika, nyingine ni mradi wa kanisa, nyingine ni kampuni. Ikiwa ina leseni ya kituo cha afya, unaweza kulalamika kwa Baraza la Madaktari, KMPDC, na muuguzi kwa Baraza la Wauguzi. Isipokuwa nayo, hakuna mlango huo.

Kwa sababu hakuna mkaguzi aliyeandika ripoti kabla yako, ushahidi ni kazi ya familia. Piga picha za vidonda zenye tarehe. Mpeleke mzee hospitali nyingine na uhakikishe daktari ameandika hali aliyomkuta nayo. Omba rekodi zake kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mzee haki ya kuona habari zake. Akifariki, dai uchunguzi wa maiti kabla ya kuzika, hata kama wazee wa ukoo wana haraka na hema limeshakodishwa. Kufukua baadaye kunahitaji amri ya korti, na mwili hausubiri. Kwa upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu bado ina ule utaratibu wa kale kwamba kifo kitokee ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu chanzo chake.

Na yule mzee asiye na mtu kabisa? Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza kujisemea. Jirani wa zamani, mshirika wa kanisa, hata mfanyakazi wa nyumba hiyo hiyo aliyechoka kunyamaza. Hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na kanuni za 2013 zinairuhusu korti kupokea hata barua ya kawaida, au mtu akieleza kwa mdomo, maneno yake yaandikwe.