Safari za Ajabu za Diwani Zetu

Kwa muda mrefu, kilichoingia Chake Chake kwa bahari kilipitia Wesha, kwa kuwa mkono wa bahari uendao Chake ni wa maji haba. Karafuu zilitoka, nguo na mchele vikaingia. Vitabu navyo vilishuka hapa, lakini mashairi ya watu wa pwani, yakiwemo ya Pemba yenyewe, yalizunguka dunia kabla ya kuturejea yakiwa kitabu.

Tumtazame kwanza Muyaka bin Haji wa Mombasa. Huyu si mgeni wetu: katika ujana wake Pemba ilikuwa mikononi mwa Mazrui, mabwana aliowatungia, mpaka walipoipoteza mwanzoni mwa miaka ya 1820. Alifariki mnamo 1840 bila ya kuacha diwani. Miongo kadhaa baadaye, mmisionari William Taylor na Mwalimu Sikujua bin Abdalla wakayakusanya yaliyosalia vinywani mwa wazee wa mji, Mwalimu akiyaandika kwa hati za Kiarabu. Makaratasi yakaenda London. William Hichens akayahariri, na mwaka 1940 *Diwani ya Muyaka* ikachapwa. Si Mombasa, si Unguja, wala si London, bali Johannesburg! Malenga wa Mvita akawarudia wajukuu zake kutoka mji wa machimbo ya dhahabu. Taylor husifiwa sana kwa kazi hii, na anastahiki; ila naona kalamu ya Sikujua haijapewa haki yake.

Ajabu ya pili imo katika zama zetu. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyezaliwa 1946, aliandika mwaka 1968 waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?* Kwa swali hilo serikali ya Jomo Kenyatta ikamfunga miaka mitatu, mingi yake akiwa peke yake chumbani. Hakuruhusiwa karatasi ya kuandikia. Akaandika juu ya karatasi za chooni, na beti zikatoka gerezani kwa siri. Aliachiwa 1972, mwaka uliofuata *Sauti ya Dhiki* ikachapishwa, na mwaka 1974 ikatunukiwa tuzo ya fasihi. Tuzo hiyo ilikuwa na jina gani? Jomo Kenyatta. Jina lililomtia ndani ndilo lililomvisha taji. Mtunzi wa riwaya angelibuni jambo hili, tungelimwambia amezidisha chumvi.

Sasa turudi nyumbani. Pemba ilikuwa na mafahali wake wawili, Kamange aliyefariki 1910 na Sarahani aliyefariki 1926. Mwaka 1958 mtaalamu wa lugha W. H. Whiteley alitoa kitabu kuhusu lahaja na mashairi ya Pemba, nacho kikachapwa Kampala, mji usiojua harufu ya bahari. Diwani ya mafahali hao, *Kale ya Washairi wa Pemba*, ilichapishwa mwaka 2011: miaka 101 tangu Kamange kuzikwa, na 85 tangu Sarahani. Waliokusanya ni Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy. Mhariri wake ni nani? Ni yule yule mfungwa wa karatasi za chooni, Abdilatif Abdalla. Aliyejua thamani ya ubeti ulioponea chupuchupu ndiye aliyewashika mkono malenga wa Pemba.

Katika karne ile moja, wangapi waliohifadhi beti vifuani walizikwa nazo? Na makasha mangapi ya wazee yalifunguliwa baada ya matanga, madaftari ya hati za Kiarabu yakaonekana takataka kwa kuwa mrithi hakuweza kuyasoma? Mchwa hawachagui, na unyevunyevu wa kisiwa hiki unaujua kila mwenye kitabu. Aliye na daftari kama hilo, awe Wesha, Chake au Kojani, asilichome wala asiliuze kwa mpita njia. Alifunge kitambaa kikavu, kisha amtafute anayezisoma hati hizo, kabla msomaji huyo naye hajaondoka.