Akili Unde Jumla na Suala la Kiluhya: Kutoka Kamati ya Lugha hadi Kencorpus

Historia ya kutafuta akili unde jumla, yaani mashine itakayoweza kufikiri, kujifunza na kutatua mambo ya kila namna kwa kiwango cha mwanadamu, husimuliwa kana kwamba ni habari ya wanahisabati na mitambo yao peke yake. Turing aliuliza mwaka 1950 iwapo mashine inaweza kufikiri, McCarthy na wenzake wakakutana Dartmouth, Marekani, mwaka 1956, kisha ikatokea ChatGPT mwezi Novemba 2022. Tarehe hizo ni sahihi, lakini masimulizi yenyewe hayaulizi mashine hiyo imefunzwa kwa maneno ya nani.

Chanzo kinachosaidia kulijibu swali hilo, na ambacho hutajwa kwa nadra, ni Kencorpus, hazina ya matini na sauti ambayo watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene waliieleza mwaka 2022. Ndani yake mna takriban maneno milioni 5.6 na saa 177 za sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, pamoja na sentensi 13,400 zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kutoka lugha hizo mbili za mwisho. Upande wa Kiluhya zilichukuliwa lahaja tatu, Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu, nao watafiti wakazitaja wazi badala ya kuzifunika zote kwa jina moja.

Uangalifu huo una mizizi mirefu katika nchi ya Waluhya, magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1940, Kakamega ikiwa makao makuu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini, iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiluhya kwa nia ya kupata maandishi ya pamoja yatakayotumika shuleni na kanisani. Mmishonari wa CMS, L. L. Appleby, aliandaa msamiati na kisha sarufi iliyotoka mwaka 1947, akiegemea zaidi lahaja za kati. Wamaragoli, waliokwisha kuzoea maandishi ya misheni ya Marafiki (Waquaker) ya Kaimosi, hawakukubali, wakaendelea na tafsiri yao hadi Biblia nzima ya Lulogooli ikakamilika mwaka 1951. Wabukusu nao wakajitenga. Wapo wanaouita msimamo huo ukabila mdogo, lakini hukumu hiyo ni nyepesi mno. Neno moja tu, lile la "watu", linatosha kuonyesha walichokuwa wakikitetea, kwa maana Mmaragoli huandika *avandu*, Mbukusu *babandu*, na msemaji wa Luwanga *abandu*, na kila umbo limebeba ngeli na matamshi ya wenyewe. Msomaji wa Kiluhya huutambua undugu wa maumbo hayo mara moja, ilhali mashine, ambayo hujifunza kwa kuhesabu jinsi herufi na maneno yanavyofuatana, huyaona kuwa vitu vitatu tofauti mpaka ipewe mifano ya kutosha ya kila kimoja.

Kwa sababu hiyo, dai kwamba ukubwa wa mitambo utamaliza kila pengo halistahili kusikilizwa kwa muda mrefu, maana mtambo hauwezi kujifunza kilichosemwa bila kuandikwa wala kurekodiwa. Hati ya OpenAI ya mwaka 2018 iliieleza akili unde jumla kwa kipimo cha kazi zenye thamani ya kiuchumi, na kwa kipimo hicho mashine inaweza kutangazwa kuwa imemfikia mwanadamu ilhali haielewi maneno ya mama anayeuza mboga Shinyalu, katika kaunti ya Kakamega. Akili ya namna hiyo haiwezi kuitwa ya jumla.

Lahaja tatu za Kencorpus zina vitovu vyake Busia, Vihiga na Bungoma, ingawa Wamaragoli na Wabukusu wengi wanaishi pia kaskazini mwa kaunti ya Kakamega, huko Lugari na Likuyani. Lahaja za Kakamega yenyewe, kama Lwisukha, Lwidakho, Luwanga, Lutsotso na Lukabarasi, hazimo. Nyimbo za isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, zingali zinaimbwa harusini na matangani. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega, na kinapaswa kuanza kuzirekodi lahaja hizo tano sasa, wazee wanaozisema vizuri wakiwa bado hai.