Kitabu Kinachongojewa: Riwaya ya Mapenzi na Msomaji Kijana katika Kiswahili

Utangulizi

Mapenzi ni kikohozi, walisema wahenga, hayawezi kufichika. Hata hivyo, mtu akiichunguza historia ya riwaya ya Kiswahili ataona kuwa kwa muda mrefu mapenzi ya vijana yamefichwa humo kwa ustadi mkubwa: mara chini ya wasia, mara chini ya maelezo ya mila, mara chini ya hadithi ya upelelezi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, na kuuliza ni vitabu gani ambavyo msomaji kijana amekuwa akivingojea, ni nani aliyempa, na kwa masharti gani.

Swali hili lina uzito kwetu sisi tunaofundisha lugha hii. Kila mwaka tunapokea katika vyumba vyetu vya mihadhara wanafunzi ambao wamesoma hadithi za mapenzi kwa Kiingereza kwa hiari yao, na riwaya za Kiswahili kwa ajili ya mtihani tu. Ikiwa lugha haimpi kijana maneno ya kuelezea moyo wake, atayatafuta kwingine, na atakapoyapata huko hatakuwa na sababu ya kurudi.

Urithi wa wasia

Katika utamaduni wa pwani, maandishi yanayomkabili kijana yalitangulia kuja kwa riwaya. Mfano ulio mashuhuri ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake. Humo mama anamwusia mwana kuhusu dini, adabu na maisha ya ndoa. Ni utungo wenye huruma na uzuri mwingi wa lugha, lakini mtoto husikiliza tu. Mzee ndiye anenaye, na mapenzi yenyewe hutajwa yakiwa tayari yamekwisha kuingia katika nyumba ya ndoa. Umbo hili, yaani la mkubwa kumwonya mdogo, liliwarithisha waandishi waliofuata njia ya kusema na vijana.

Riwaya za kwanza zilizoenea shuleni zilikuwa tafsiri. Mwaka 1929 zilitokea Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zilizotokana na vitabu vya Robert Louis Stevenson na Henry Rider Haggard. Vijana wa enzi hizo walipata humo bahari, hatari na dhahabu. Wanawake walikuwa wachache mno: katika hadithi ya hazina, ukimwacha mama wa Jim, ni vigumu kumtaja mwingine. Basi kijana wa shule alifundishwa kuwa kitabu ni safari ya wanaume, na penzi, kama lilikuwapo, lilikaa pembezoni. Aliposoma baadaye Uhuru wa Watumwa (1934) wa James Mbotela, au hadithi za adili za Shaaban Robert, alikuta historia na mafunzo, wala hakukuta bado kijana anayependa kwa niaba ya nafsi yake.

Mashindano na miaka ya kwanza

Mabadiliko yalianza pale East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipohimiza uandishi wa wenyeji kwa njia ya mashindano. Matunda mawili ya zama hizo yalitoka mwaka mmoja, 1960: Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliomleta Bwana Msa mpelelezi, na Kurwa na Doto wa Muhammad Saleh Farsy.

Kitabu cha pili ndicho kinachotuhusu. Kina dada wawili pacha na kijana Faki, na mambo yake yanakwenda kama yaendavyo mambo ya mapenzi: wivu, hila, na majuto. Lakini jalada lake linakitambulisha kuwa ni maelezo ya makazi katika kijiji cha Unguja. Kichwa hicho cha ziada kinafaa kuangaliwa vizuri, kwani ni kama kibali cha kupita mlangoni. Hadithi ya mapenzi iliweza kuchapishwa kwa kuwa ilibeba mzigo wa elimu: msomaji angeambiwa namna watu walivyoishi, walivyooa na walivyozika. Mapenzi yaliingia yakiwa mgeni wa elimu.

Wasia unageuzwa

Muongo wa 1970 ndio uliovunja ukimya. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika. Rosa ni binti wa shule. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya kijana. Kutoka hapo anapelekwa katika shule na chuo bila ya kuwahi kujifunza namna ya kusema na mwanamume, na maisha yake yanaharibika hadi kifo. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Waliofanya hivyo waliona ndani yake mambo ya aibu. Lakini mtu akiisoma kwa makini ataona kuwa inaonya kwa ukali kuliko hata utenzi wa kale. Tofauti ni kwamba safari hii anayeonywa ni mzazi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Wasia haukuachwa, uligeuzwa. Miaka 9 baadaye Said Ahmed Mohamed alifanya jambo lilo hilo katika Utengano (1980). Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, ambaye kwa nje ni mtu wa heshima na kwa siri ni mwovu. Anapopata upenyo wa kwanza anatoroka, na hana chochote cha kumwongoza kwa sababu hakupewa chochote ila kufuli. Kina baba hawa wawili, Zakaria wa Ukerewe na Maksuudi wa pwani, wanatoka katika dini na mazingira tofauti kabisa, lakini kosa lao ni moja. Kwa upande mwingine, Maimuna anapewa alichonyimwa Rosa: anabaki hai, na mwishowe anapata mwenzi katika Kabi. Kwa mtazamo wangu hatua hiyo ni kubwa katika historia ya riwaya yetu, kwa sababu msichana aliyekosea hakuhukumiwa kufa.

Kati ya vitabu hivyo viwili kuna vingine visivyopaswa kusahauliwa. Kiu (1972) cha Mohamed Suleiman Mohamed kinawaweka Bahati, Idi na mzee tajiri Mwinyi katika uzi mmoja wa tamaa, na kuonyesha jinsi fedha inavyolitia penzi sumu. Kwa upande wa Kenya, Katama Mkangi alitoa Ukiwa (1975), hadithi ya Lila na Fila, wapenzi wanaotenganishwa na masomo ya juu na maisha ya jiji. Kwa kijana wa Kenya huru jambo hili lilikuwa karibu naye mno: shule iliyoahidi kumwinua ndiyo iliyomtenga na ampendaye.

Soko, mpaka na vijitabu

Kando ya riwaya hizo, ambazo wahakiki huziita dhati, ulikuwapo mkondo mwingine wenye nguvu. Faraji Katalambulla alikwisha kutoa Simu ya Kifo mwaka 1965. John Simbamwene alifuata na Mwisho wa Mapenzi (1971). Naye Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974). Katika hadithi za upelelezi mapenzi yalitiwa kama kiungo, lakini kuna vijana wengi walionunua mchuzi kwa ajili ya kiungo hicho.

Kenya nayo ilikuwa na soko lake, ila lilielekea Kiingereza. Vitabu vya David Maillu, vilivyotolewa na kampuni yake ya Comb Books, vilisomwa sana mijini hata vikapigwa marufuku Tanzania mwaka 1976. Mfululizo wa Spear wa Heinemann ulianza mwaka 1975, na Pacesetters wa Macmillan mwaka 1977. Vijana wetu walikuta rafu zimekwisha jazwa kwa lugha nyingine.

Msiba mkubwa ukafuata katika mwaka huo wa 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na Bureau iliyokuwa ya nchi zote tatu ikafikia mwisho wake. Kwa miaka 6 vijitabu vya Dar es Salaam havikuwa na njia ya wazi ya kufika Mombasa na Nairobi. Lugha ilikuwa moja, wasomaji wakagawanywa. Yafaa tuikumbuke habari hii tunapojiuliza kwa nini nchi hizi mbili zina mazoea tofauti ya kusoma: Tanzania ilijenga hadhira ya vijitabu, na baadaye ya hadithi za mfululizo magazetini, ambamo Eric Shigongo alijipatia wasomaji wengi waliongojea toleo la wiki ijayo, Kenya ikajenga hadhira ya kitabu cha shule.

Orodha ya mtihani

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Neema hiyo ilikuwa na gharama. Mchapishaji alijua kwamba kitabu kilichoteuliwa kingeuzwa kwa wingi, na kisichoteuliwa kingelala ghalani. Mwandishi wa mapenzi akalazimika kuandika huku akimtazama mtahini.

Hata hivyo wapo waliopita katika tundu hilo la sindano. Z. Burhani alitoa Mali ya Maskini (1981) na Mwisho wa Kosa (1987). Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka 1996, riwaya ya Kongowea Mswahili anayetoka Tanga na kuvuka mpaka ule ule uliowahi kufungwa, akimtafuta baba yake. Upendo wake kwa Vumilia hauadhibiwi, wala mwandishi hausimamishi ili atoe hotuba. Siku Njema ilisomwa shuleni kwa lazima, lakini waliomaliza shule waliendelea kuitaja kwa mapenzi, jambo ambalo ni vitabu vichache vya mtihani vimewahi kulipata. Walibora alifariki mwaka 2020, mwaka ule ule tuliompoteza Kezilahabi.

Yanayotarajiwa

Katika karne hii mashindano yamerudi. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014, na riwaya iliyopata ushindi katika awamu ya kwanza, mwaka 2015, ni Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza. Mwaka 1960 neno mapenzi lilihitaji kibali cha maelezo ya makazi. Mwaka 2015 neno penzi lilisimama wazi katika kichwa cha kitabu kilichoshinda, na aliyekiandika ni mwanamke. Wakati huo huo, hadithi za mfululizo zimehamia katika simu, ambako vijana huandikiana bila ya mhariri wala mtahini.

Kwa hiyo kitabu kinachongojewa hakikosi waandishi. Kinachokosekana ni daraja kati ya wanaoandika na sisi tunaohukumu. Tumezoea kuviita vijitabu hivi pendwa kwa sauti ya dharau kidogo, kisha tunashangaa kuwa wanafunzi hawatuambii wanachosoma.

Hitimisho

Tumeona kuwa riwaya ya mapenzi kwa vijana ilianza ikiwa mtumishi wa wasia, ikageuka kuwa hoja dhidi ya wazazi wakali, ikakwamishwa na siasa za mpaka na uchumi wa mtihani, na sasa inatafuta njia yake yenyewe. Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu zianze kukusanya vijitabu vya miaka ya 1970 na 1980 kabla karatasi yake hafifu haijaoza. Vingine havipo katika maktaba yoyote, vimo katika masanduku ya watu. Pili, wanafunzi wa shahada za juu waruhusiwe na wahimizwe kuandika tasnifu juu ya vitabu hivyo na juu ya hadithi za simu. Tatu, jarida hili litenge nafasi ya mapitio ya riwaya mpya za vijana, zihakikiwe kwa vipimo vile vile vya lugha, wahusika na muundo tunavyovitumia kwa Utengano na Rosa Mistika. La kwanza ndilo la haraka, maana mengine yanaweza kungoja lakini mchwa hangoji.