Msafiri Alikula Nini Upareni?

Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha likisimama Same, abiria hushuka, hula chipsi mayai, hununua soda na kurudi ndani. Ni mlo ule ule wa Korogwe, wa Chalinze, wa kituo chochote cha barabara kuu. Milima ya Pare imesimama pale pale nyuma ya vibanda, lakini chungu chake ni nadra kushuka hadi barabarani.

Katika karne ya 19 msafiri hakuwa na hiari hiyo. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Pangani ilifuata bonde la Mto Pangani kuelekea Kilimanjaro, na mingine ilipita mashariki ya milima, kwa njia ya Gonja na Kisiwani. Mpagazi mwenye mzigo wa frasila mbili begani hakuweza kubeba tena posho ya mwezi mzima. Alikula kilicholimwa pale alipolala. Nguo, shanga na waya vikapanda mlimani. Ndizi, nafaka, maharage na mbuzi vikashuka. Njia hizo hizo zilileta pia bunduki na wakamata watumwa, kwa hiyo si kila moshi wa kambi uliwafurahisha wenyeji.

Kwakoa, iliyo leo katika Wilaya ya Mwanga, ni ya upande huo wa mashariki: tambarare kavu mashariki ya Upare ya Kaskazini, upande wa Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Mwaka 1861 wapelelezi wa Ulaya, Karl Klaus von der Decken na Richard Thornton, walifika Jipe wakielekea Kilimanjaro. Lakini wenyeji wa huku walikuwa wakibadilishana mali tangu zamani. Ugweno, huko Upare ya Kaskazini, ilikuwa na wahunzi wa ukoo wa Washana, ambao chuma chao kilivuka hadi Uchagani. Mlimani kuna migomba na maji ya mifereji, yanayokusanywa usiku katika mabwawa yaitwayo ndiva. Tambarare ina mifugo na maziwa. Ziwa lina perege, na mmoja wao wanasayansi wamempa jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe.

Na makande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja? Mtanzania yeyote atakwambia ni chakula cha Wapare. Kumbe mahindi na maharage yote mawili asili yake ni Amerika, na mahindi yalifika pwani yetu katika zama za Wareno. Kabla ya hapo mtama, ulezi na ndizi ndivyo vilivyoshika jiko. Mahindi hayo hayo yalipoingia kaskazini mwa Italia yakawa polenta, ambayo leo watalii huifuata hadi Veneto. Lakini maskini wa huko walioila peke yake, msimu baada ya msimu, waliugua pelagra, maradhi ya kukosa vitamini yaliyochubua ngozi na kuvuruga akili. Chungu cha Mpare hakikuacha mahindi peke yake: kiliweka maharage humo humo.

Watani husema makande ni mlo wa bahili: unapikwa mara moja, unaliwa siku mbili. Utani huo hauna haki. Mahindi makavu hutwangwa kinuni yatoke maganda, kisha huchemka na maharage kwa saa kadhaa, na kuni za kazi hiyo si za bahili. Ukiyala na maziwa mgando, utaelewa kwa nini chungu huisha kabla ya siku ya pili.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita magharibi ya milima, na barabara kuu ikafuata upande huo huo. Mpagazi akatoweka, na pamoja naye mteja aliyelazimika kula cha mwenyeji. Kwakoa ikabaki kisogoni mwa reli. Kwa biashara ilikuwa hasara. Kwa mgeni mwenye njaa ni bahati, maana huku bado atakaribishwa kinachopikwa nyumbani. Makande yenyewe yalikwisha kusafiri bila kumngoja: yamo katika masufuria ya shule za bweni nchi nzima, mara nyingi bila maziwa, na wakati mwingine bila maharage ya kutosha.