Vitabu Viwili vya Bibi Arusi Maskini



Tunapofungisha ndoa makanisani mwetu, baada ya ibada huja saa ya zawadi. Tumeona mengi: vitanda, masufuria, blanketi, viti, mbuzi na hata ng'ombe. Akina mama huimba, na zawadi hujaa ua mzima. Ni jambo jema, kwa maana nyumba mpya ina mahitaji mengi. Lakini leo tunataka kuwasimulia habari za bibi arusi mmoja aliyeingia nyumbani kwa mumewe bila sahani wala kijiko. Alichokuwa nacho ni vitabu viwili tu, alivyoachiwa na baba yake alipokufa. Na vitabu hivyo viwili vilisaidia kuzaa kitabu cha tatu, ambacho kimefika mpaka kwetu.

Mambo haya yalitukia Uingereza, karibu na mwaka 1649, katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Bwana arusi aliitwa John Bunyan. Alizaliwa mwaka 1628, na kazi yake ilikuwa ile ya baba yake, kuziba masufuria yaliyotoboka. Alipokuwa kijana alitumika kama askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoipasua nchi yao. Shule alisoma kidogo, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba hata hayo machache aliyofundishwa aliyasahau karibu yote. Tena alikuwa mtu wa viapo na matusi, mpaka watu waliomsikia walichukizwa.

Jina la mkewe huyo wa kwanza halikuhifadhiwa. Tunajua tu kwamba baba yake alikuwa mtu mcha Mungu, na kwamba binti hakuchoka kumsimulia mumewe habari za mzee huyo, jinsi alivyoishi na jinsi alivyoukemea uovu nyumbani na kwa majirani. Kisha walikuwa wakiketi pamoja, mume na mke, na kusoma katika vile vitabu viwili.

Vilikuwa vitabu gani? Cha kwanza kiliandikwa na Arthur Dent, kasisi wa shamba, nacho kilitolewa mwaka 1601. Kinaeleza njia ya kwenda mbinguni kwa mtu wa kawaida, kwa namna ya mazungumzo ya watu wanne: mchungaji, mtu mwema, mtu asiyejua kitu, na mtu wa kubishana. Cha pili kiliandikwa na Lewis Bayly, aliyekuwa askofu wa Bangor huko Wales, nacho kinafundisha jinsi Mkristo anavyopaswa kusali na kuishi siku kwa siku. Waandishi hao wawili walikuwa wamekwisha kufa, na mzee aliyevinunua vitabu alikuwa amekwisha kufa pia. Hata hivyo sauti zao zilikuwa zikisemeka ndani ya nyumba ile isiyokuwa na kijiko.

Tusiwadanganye, wapenzi. Vitabu hivyo havikumwokoa Bunyan siku ile. Vilimtia hamu ya mambo ya dini, akaanza kwenda kanisani mara mbili kila Jumapili, lakini moyo wake ulikuwa bado haujageuka. Baadaye, alipokuwa akifanya kazi yake mjini Bedford, aliwakuta akina mama maskini watatu au wanne wameketi mlangoni juani, wakizungumza juu ya kuzaliwa mara ya pili. Alisimama karibu kusikiliza, kwa sababu alijiona ni msemaji hodari wa mambo ya dini. Akatambua kwamba wale akina mama walikuwa na furaha asiyoijua yeye. Basi tuone jinsi Mungu anavyofanya kazi. Kitabu kilimwandaa, na ushuhuda wa watu walio hai ukamvuta. Kitabu hakichukui mahali pa ushirika wa ndugu, wala ushirika haukifanyi kitabu kuwa bure.

Hata baada ya hapo Bunyan aliteseka miaka mingi kwa mashaka. Alidhani amekwisha kutenda dhambi isiyosameheka. Katika taabu hiyo alitamani sana kuona habari za mtu wa Mungu wa zamani, aliyeandika miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Aliona kwamba wengi wa waandishi wa wakati wake waliandika mambo waliyoyasikia kwa wengine, bila wao wenyewe kushuka vilindini. Ndipo siku moja kikamjia mikononi kitabu cha Martin Luther, ufafanuzi wa Waraka kwa Wagalatia. Kilikuwa kimezeeka hata karibu kuachana karatasi kwa karatasi. Alipokisoma kidogo tu, aliona hali yake mwenyewe imeelezwa humo, kana kwamba kimeandikwa kutoka moyoni mwake. Tangu hapo, baada ya Biblia, hakukiona kingine kinachofaa kama hicho kwa mtu mwenye dhamiri iliyojeruhiwa.

Fikirini jambo hilo. Luther alikuwa Mjerumani, msomi, aliyekuwa mtawa. Bunyan alikuwa Mwingereza, mziba masufuria. Kitabu cha Luther kilitolewa mwaka 1535, zaidi ya miaka mia moja kabla Bunyan hajakisoma. Hawakufanana kwa lugha wala kwa elimu. Lakini mmoja alikuwa amepita katika bonde lile lile, akaacha alama njiani, na mwenzake aliyekuja nyuma akaziona alama akajua kwamba hakupotea peke yake. Hiyo ndiyo faida ya vitabu vya zamani vya kumcha Mungu. Shida za roho hazibadiliki kama mavazi yanavyobadilika.

Sasa inatupasa kusema neno ambalo si rahisi kwetu sisi Waanglikana kulisema. Bunyan alianza kuhubiri bila kibali cha Kanisa la Uingereza. Tarehe 12 Novemba 1660 alikamatwa katika mkutano wa ibada mashambani, akashtakiwa kwa sheria ya mwaka 1593 iliyowakataza watu kukutana kwa ibada nje ya Kanisa la serikali. Alikaa gerezani Bedford kwa muda wa miaka kumi na miwili, mpaka mwaka 1672. Mke wake wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, akiacha watoto wanne, na mmoja wao, Mary, alikuwa kipofu. Mke wa pili, Elizabeth, alisimama mbele ya mahakimu mwaka 1661 kumwombea mumewe. Walimwuliza kama ataacha kuhubiri. Akajibu wazi kwamba hawezi kuacha maadamu ana uwezo wa kusema. Basi Bunyan akabaki kifungoni, akitengeneza kamba za kufungia viatu na nguo ili watoto wapate chakula.

Waliomfunga walikuwa watu waliolitetea Kanisa ambalo sisi tumelirithi. Na tukumbuke kwamba Dent na Bayly, walioandika vile vitabu viwili, walikuwa makasisi wa Kanisa hilo hilo. Mkono mmoja wa Kanisa ulimwonyesha njia ya uzima, na mkono mwingine ukamfungia mlango. Tunasema haya ili tunyenyekee. Tunaweza kuhifadhi mafundisho mazuri vitabuni, kisha tukamtesa mtu anayeyafuata. Leo Kanisa la Uingereza humkumbuka John Bunyan kila mwaka tarehe 30 Agosti, pamoja na watumishi wengine wa Mungu. Ni vyema kumkumbuka. Ingekuwa vyema zaidi kumsikiliza alipokuwa hai.

Wengi huamini kwamba ni katika kifungo kile alianza kuandika kitabu kilichotolewa mwaka 1678, kinachojulikana kwetu kwa jina la Safari ya Msafiri. Wazee wetu wengi walikisoma, na wengine walikisikia kikisomwa. Ni habari za mtu anayeitwa Mkristo, aliyetoka katika mji utakaoangamizwa akiwa na mzigo mzito mgongoni. Anazama katika matope ya kukata tamaa, anaufikia msalaba na mzigo wake unaanguka, anapita katika soko la mambo ya ubatili, na mwisho anavuka mto wa mauti hata kuufikia Mji wa Mbinguni. Kitabu hiki kimefasiriwa katika lugha zaidi ya 200, zikiwemo nyingi za Afrika.

Kuna mahali katika habari hiyo ambapo Mkristo na mwenzake wanafungwa katika ngome ya jitu lenye kuwatia watu mashaka. Wanapigwa, wanashawishiwa wajiue. Kisha Mkristo anakumbuka kwamba kifuani mwake ana ufunguo uitwao Ahadi, nao unafungua milango yote. Aliyeandika hayo aliyajua magereza. Mahakimu walikuwa wamempa ufunguo mwingine, yaani atoe ahadi ya kunyamaza, aende zake nyumbani kwa mtoto wake kipofu. Aliukataa ufunguo huo, akaishikilia ahadi ya Mungu. Kwa hiyo maneno yake yana uzito. Hakuandika mambo aliyoyasikia kwa wengine.

Labda mtu atauliza, “Je, Biblia haitoshi?” Naam, Biblia yatosha kwa wokovu, na kila kitabu kingine sharti kipimwe nayo. Bunyan mwenyewe hakukiweka kitabu chochote juu yake. Lakini Mtume Paulo, akiwa kifungoni na karibu kuuawa, alimwandikia Timotheo amletee joho lake na vile vitabu. Someni wenyewe 2 Timotheo 4:13. Yeye aliyepewa ufunuo mkubwa hakuona aibu kuhitaji vitabu.

Basi ndugu zetu, tufanye nini? Kwanza, kama nyumbani kuna kitabu cha zamani cha kumcha Mungu, kilichoachwa na baba au nyanya, tusikiache kiliwe na mchwa wala tusiwashie moto kurasa zake. Tukifute vumbi, tukifungue. Pili, tusome polepole na kwa sauti, ukurasa mmoja jioni baada ya chakula, ili hata mtoto asiyejua kusoma, na mzee ambaye macho yamemchoka, wapate fungu lao. Simu na redio zinaweza kunyamazishwa kwa robo saa. Tatu, binti akiolewa, au kijana akipokea Kipaimara, katikati ya zawadi nyingine tumpe pia kitabu kimoja kizuri, tuandike jina lake ndani. Lakini tukumbuke kwamba mzee yule hakuacha vitabu tu. Aliacha pia maisha ambayo binti yake aliweza kuyasimulia bila haya. Vitabu vya baba mlevi na mkali vingefungwa kabatini.

Mzee yule hakujua atakayemwoa binti yake. Hakujua kwamba urithi wake mdogo utamfikia kijana mwenye matusi, na kupitia huyo uwafikie watu wa nchi asizozisikia hata majina. Alifanya lililo karibu na mkono wake, akalala. Wapenzi, sisi nasi tutalala siku moja. Masufuria tutakayowaachia watoto yatatoboka, na hakuna fundi atakayeyaziba milele. Tuwaachie nini?

Na tuombe. Ee Bwana, tunakushukuru kwa ajili ya watumishi wako walioandika katika machozi na vifungo. Utusamehe pale Kanisa lako lilipowatesa watu wako. Utupe macho ya kusoma, moyo wa kutii, na maisha ambayo watoto wetu wanaweza kuyasimulia. Utufikishe sote katika Mji wako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.