Degu (ufugaji wa nyumbani)

Degu (Octodon degus) ni mgugunaji mdogo wa Chile ya kati, anayefugwa nyumbani kama mnyama kipenzi hasa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Japani. Ni ndugu wa karibu wa simbilisi na chinchila. Barani Afrika jamaa zake wa mbali ni nungunungu na ndezi. Akitunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 8, muda mrefu kuliko panya wengi wa kufugwa, ilhali porini wengi hawafikishi hata miaka 2.

Asili na umbo

Degu alielezwa kisayansi mwaka 1782 na Juan Ignacio Molina, padri na mwanaviumbe wa Chile. Makazi yake ni vichaka na mbuga za nyasi kwenye miteremko ya magharibi ya milima ya Andes, hadi kimo cha mita 1,200 hivi. Huko mvua hunyesha majira ya baridi, na kiangazi nyasi hukauka kwa miezi mingi. Mtu akilishika jambo hilo moja, kwamba degu ni mnyama wa nchi yenye chakula kikavu na kisicho na utamu, atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya utunzaji wake.

Ana uzito wa gramu 170 hadi 300. Manyoya ya mgongoni ni ya kahawia, ya tumboni ni meupe yenye umanjano, na mkia huishia na kishungi cheusi. Tofauti na wagugunaji wengi wanaofugwa, degu hushughulika mchana, zaidi asubuhi na jioni, kwa hiyo mfugaji humwona akila, akichimba na akigombana na wenzake.

Malazi

Kizimba kinachofaa ni cha waya wa chuma, kirefu kwenda juu na chenye ghorofa kadhaa. Plastiki na mbao laini hazidumu, kwa sababu degu hutafuna kila kitu, na vipande vya plastiki vikimezwa huweza kuziba utumbo. Sakafu ya waya mtupu huchubua nyayo na kuleta vidonda vinavyochukua muda mrefu kupona, hivyo hufunikwa kwa ubao usiopakwa rangi wala dawa. Chini huwekwa matandiko ya kina cha kutosha kuchimbwa, kama karatasi iliyochanwa au majani makavu. Maranda ya mierezi na ya misonobari mibichi huepukwa kwa kuwa harufu yake huwasha njia ya hewa.

Gurudumu la kukimbilia linatakiwa liwe na kipenyo cha sentimita 30 hivi au zaidi, na njia yake iwe bapa isiyo na vijiti. Kwenye vijiti mguu au mkia hunasa na kuvunjika. Mara mbili au tatu kwa wiki degu huwekewa bakuli la mchanga laini sana, ule unaouzwa kwa ajili ya chinchila, naye hujigaragaza humo ili kuondoa mafuta kwenye manyoya. Haogeshwi kwa maji.

Joto ni hatari. Degu hatoi jasho, na chumba kikizidi nyuzi 30 anaweza kufa kwa siku moja. Kizimba hakiwekwi dirishani penye jua. Siku za joto, kipande cha marumaru kilichopozwa humsaidia kulalia.

Chakula

Porini degu hula nyasi, majani ya vichaka, magome na mbegu. Chakula hicho ni kigumu na kina nyuzinyuzi nyingi. Huchachushwa na vijidudu ndani ya utumbo kipofu, kisha degu hula sehemu ya kinyesi chake mwenyewe, zaidi usiku, ili kupata virutubisho vilivyopita mara ya kwanza. Mfugaji akiona hivyo asidhani ni ugonjwa.

Chakula kikuu nyumbani ni hei ya nyasi, kama ile ya timothi, na inatakiwa iwepo mchana na usiku bila kukatika. Lusini ina protini na kalisi nyingi mno kwa degu mzima, hivyo huachiwa majike wenye mimba na watoto. Juu ya hei huongezwa kiasi kidogo cha chakula cha vidonge, takriban gramu 10 kwa degu mmoja kwa siku. Vidonge vya simbilisi au chinchila hutumika, lakini lebo yake isomwe kwanza, kwani vingi hushikamanishwa kwa molasi. Michanganyiko ya nafaka na matunda makavu haifai: degu huchagua vipande vitamu na kuacha vingine.

Sukari ndiyo adui mkubwa wa mnyama huyu. Insulini ya degu ina umbo tofauti na ya mamalia wengi na nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo mwili wake hauna uwezo wa kudhibiti sukari nyingi ya ghafla. Akilishwa matunda, hupata kisukari. Dalili za mwanzo ni kunywa maji kuliko kawaida, kukojoa sana na kukonda huku anakula. Halafu macho hufuata. Lenzi ya jicho la degu ina kwa wingi kimeng'enya kinachogeuza sukari kuwa sorbitoli, ambayo huvuta maji ndani ya lenzi, na mtoto wa jicho huweza kutokea ndani ya wiki chache tu tangu kisukari kianze. Mboni huwa na ukungu mweupe unaoonekana wazi kwa macho, na hausafiki tena.

Zabibu kavu, ndizi, tufaha, mahindi, karoti na viazi vitamu vyote vina sukari ya kutosha kumdhuru. Inahuzunisha kwamba wanaomdhuru mara nyingi ni watu wanaompenda, maana degu huomba tunda kwa bidii na hulipokea kwa mikono miwili. Zawadi zinazofaa ni punje chache za alizeti, kipande cha karanga, majani ya mimea au kijiti cha mti wa tufaha cha kutafuna. Mboga za majani hutolewa kidogo kidogo, na kabichi huachwa kwa sababu huleta gesi tumboni. Degu aliyekwisha kupata kisukari hutunzwa hasa kwa kurekebisha chakula, na wengine huishi miaka mingi wakiwa vipofu, mradi vitu ndani ya kizimba visihamishwehamishwe.

Meno

Meno yote ya degu, ya mbele na magego, hukua maisha yake yote na hulika kwa kusaga hei. Meno ya mbele ya degu mwenye afya ni ya rangi ya chungwa. Yakififia kuwa meupe, huwa ni ishara kwamba mnyama ana tatizo. Rangi hiyo huonekana kirahisi anapoinua kichwa kuvuta ujani wa hei. Magego hayaonekani, nayo ndiyo chanzo cha ugonjwa unaowasumbua zaidi: yakirefuka upande wa juu mizizi husukuma njia ya pua, na pumzi hutoa mkoromo. Kidevu kilicholowa mate, chakula kinachodondoshwa baada ya kutafunwa na kuacha hei huku akitaka vilaini ni dalili za kumpeleka kwa daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa wagugunaji, apigwe eksirei. Kwa kuwa degu huficha maumivu, njia ya uhakika zaidi ni kumpima kila wiki kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito wake.

Maisha ya pamoja

Degu hafugwi peke yake. Porini huishi kwa makundi katika mashimo ya pamoja, na majike hunyonyesha watoto wa wenzao. Huwasiliana kwa sauti nyingi tofauti: mlio laini wa kuwatuliza watoto, mkoromo wa hasira, na kelele kali ya onyo inayolifanya kundi zima lisimame tuli. Aliye peke yake huzubaa au hujing'oa manyoya. Ndugu wa jinsia moja ndio rahisi zaidi kuweka pamoja. Wageni huzoeshwa taratibu kupitia ukuta wa waya.

Mimba huchukua siku 90 hivi, na watoto, kwa kawaida karibu 6, huzaliwa wakiwa na manyoya. Jike anaweza kushika mimba tena mara tu baada ya kuzaa, hivyo dume hutengwa au huhasiwa.

Kumshika

Mkia haushikwi kamwe. Ngozi yake huchomoka kama soksi ili degu amponyoke adui, mfupa hubaki wazi, hukauka, naye huutafuna mwenyewe, hauoti tena. Degu hachukuliwi kutoka juu pia, kwa sababu tai na bundi humjia hivyo. Mkono huwekwa chini karibu naye, na huachwa apande mwenyewe.

Utafiti na sheria

Degu hutumika maabara katika utafiti wa kisukari, wa mzunguko wa usingizi na wa mabadiliko ya ubongo yanayofanana na ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya RIKEN nchini Japani walionyesha kwamba degu anaweza kufundishwa kuvuta chakula kwa kijireki. Porini hayuko hatarini kutoweka. Jimbo la California nchini Marekani limepiga marufuku kumfuga nyumbani.