Mafuta ya Sifa

Kwetu pwani neno "sifa" lina maana mbili. Ya kwanza ni kusifiwa. Ya pili ni mafuta ya samaki, hasa ya maini ya papa, ambayo mabaharia walipaka mbao za vyombo ili jua na maji ya chumvi visizile. Katika pwani za Omani na Malabar, mafuta ya kazi hiyo yalitoka pia kwa simu. Sisemi simu ya kupigia, bali wale dagaa wanono. Huko Malabar walichemshwa, wakakamuliwa, mafuta yakaenguliwa juu ya maji.

Vyombo vilifika kwetu na kaskazi, vikarudi na kusi. Mara nyingi harufu yake ilitangulia.

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuoni juzi tu, mwanafunzi mmoja aliingia darasani akinuka sifa. Tangu alfajiri alikuwa akimsaidia baba yake kupaka jahazi. Nilimtoa nje mbele ya wenzake, nikamwambia arudi akiwa mtu. Hakurudi siku ile, wala muhula ule.

Miaka ilipita. Siku moja nikitayarisha somo la sayansi ndipo nilipoelewa. Mafuta ya samaki, na ya simu hasa, hunyonya oksijeni ya hewani, yakakauka na kuwa utando unaokinga ubao. Kunyonya huko huko ndiko kunakoleta uvundo. Huwezi kuupata ulinzi ukaikataa harufu.

Wenye viwanda hawakuona haya. Kule Monterey, California, kabla uvuvi wao haujaanguka mwishoni mwa miaka ya 1940, sadini wengi waligeuzwa unga wa chakula cha mifugo na mafuta ya kutengenezea rangi na sabuni. Leo mafuta ya samaki wa jamii hiyo huuzwa katika maduka ya dawa, yamefungwa ndani ya vidonge laini, kwa jina la omega-3. Watu huyameza na kuyasifu.

Baba wa mtoto yule huenda hakulijua neno oksijeni, lakini aliijua kazi yake kuliko nilivyoijua yangu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, kila mwalimu mgeni nilimsimulia habari hii. Nilimwambia: mtoto akiingia ananuka, kwanza muulize ametoka kufanya kazi gani.